Jinsi ya Kuacha Kuwa Namba Kwenye Dodoso: Mwongozo kwa Kijana wa Rugu

Mwongozo huu ni wako wewe kijana wa kata ya Rugu, wilayani Karagwe, pamoja na jirani yako wa Kyerwa. Unakuhusu hasa kama uliwahi kukaa kwenye benchi uani ukamsikiliza mgeni mwenye kishikwambi akimuuliza baba yako ana kuku wangapi, kaya imekula ndizi mara ngapi wiki iliyopita, na shida ikitokea ghafla angekopa kwa nani. Baba alijibu. Mama alimsahihisha. Mgeni alishukuru, akapanda bodaboda kuelekea Kayanga, na habari zake zikaishia hapo. Kama usiku ule ulichelewa kulala ukijiuliza kuku wenu wamepelekwa kufanya kazi gani huko, umeshatimiza sharti la kwanza la kuwa mtafiti. Masharti mengine yanafuata, na mengi yake yanahusu karatasi, pesa na ndugu.

Jua umeanza kupimwa lini

Novemba 1861 John Hanning Speke alifika Bweranyange, kwa Mfalme Rumanyika, akiwa njiani kutafuta chanzo cha Nile. Alikuta wake na shemeji wa ikulu walionenepeshwa kwa maziwa, akatamani kumpima mmoja wao: mkono, kifua, paja, shavu la mguu. Ameandika mwenyewe kwamba mama yule alikubali kwa ahadi ya kuonyeshwa na yeye mikono na miguu ya mgeni ikiwa mitupu. Hayo yalikuwa makubaliano ya haki kuliko mengi yaliyofuata, maana kila upande ulipata kitu cha kutazama. Vipimo vilitoka kitabuni mwaka 1863 na vinasomwa hadi leo. Jina la mama hakuna mtu anayelikumbuka.

Tangu hapo hatujapumzika. Kati ya 1991 na 1994 Benki ya Dunia na wataalamu wa vyuo vyetu walizifuata kaya 915 katika vijiji 51 vya mkoa wa Kagera, wakazirudia tena na tena, kisha wakawatafuta watu walewale mwaka 2004, na tena mwaka 2010, hata waliokuwa wamehamia Mwanza, Dar es Salaam au Uganda. Wanauchumi wa dunia nzima wanazijua takwimu za Kagera. Kuna watu wenye shahada za juu katika miji ambayo hujawahi kuisikia ambao shahada zao zimejengwa juu ya majibu ya wazee wetu. Sisemi hivi kwa kinyongo. Kazi ile ilikuwa nzuri, na moja ya matokeo yake utalihitaji katika mwongozo huu: aliyehama kijiji chake alikuja kuongeza matumizi ya maisha yake kwa pointi 36 za asilimia zaidi ya ndugu yake aliyebaki. Takwimu zako mwenyewe zinakuambia utoke. Zitii.

Utakapotoka, jua pia kwamba kuna waliokutangulia. Josephat Rugemalira alipata uzamivu wake Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1993, kwa kuchambua vitenzi vya Kinyambo. Vitenzi ambavyo bibi yako huvitumia kumfukuza mbuzi kwenye migomba vilikaa mbele ya maprofesa wa Marekani na vikashinda. Henry Muzale akafuata mwaka 1998 huko Newfoundland, Kanada, kwa kazi iliyohusu njeo za vitenzi katika Kinyambo, Kihaya na ndugu zao. Upande wa afya, Japheth Killewo mwaka 1994 na Gideon Kwesigabo mwaka 2001 walitunukiwa uzamivu Umeå, kaskazini mwa Sweden, wote wawili kwa utafiti wa maambukizi ya VVU mkoani Kagera, mkoa ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mwaka 1983. Kwa sababu ya kazi hiyo tunajua kwamba mwaka 1987 karibu robo ya watu wazima wa Bukoba mjini walikuwa na maambukizi, wakati Karagwe walikuwa chini ya mtu mmoja kati ya ishirini. Maarifa ya namna hiyo yaliokoa watu. Yalipatikana kwa sababu Watanzania walisajiliwa Ulaya, wakaja kukusanya takwimu nyumbani, wakarudi kuandika, wakaja tena, na mtu fulani akalipa nauli zote hizo.

Elewa kwamba njia yao imehama

Kaka na dada waliosoma zamani watakushauri kwa nia njema na kwa ramani iliyochakaa. Wasikilize, kisha uliza upya.

Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961 kilikuwa na wanafunzi 13, wote wa sheria, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Aliyetaka uzamivu alipanda ndege. Baadaye Dar ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 ikasimama yenyewe. Siku zile wageni nao walikuja kusoma kwetu na kukaa darasani kwetu. John Garang wa Sudan Kusini aliacha nafasi ya kuendelea na masomo Berkeley akaja kusoma uchumi wa kilimo Dar es Salaam. Rugemalira alikwenda Berkeley, Garang aliikataa akaja Dar: hivyo ndivyo mambo yanavyopaswa kuwa kati ya vyuo vinavyoheshimiana, watu wakipishana njiani.

Tangu wakati huo vyuo vimeongezeka. Sokoine cha Morogoro kilianza 1984. Chuo Kikuu Huria kiliundwa kwa sheria ya 1992 na kina kituo Bukoba. Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha ilianza kufundisha 2011, na inapokea wanafunzi wa baada ya shahada ya kwanza tu. Mtanzania wa leo anaweza kuanza na kumaliza uzamivu bila pasipoti. Hili ni jambo kubwa na nalifurahia. Lakini mtazame anayeusoma: mara nyingi ni mtu mzima aliyekwishaajiriwa, mhadhiri msaidizi, afisa kilimo, mwalimu mkuu, anayejilipia ada kwa mshahara unaolipa pia ada za watoto, na anayeandika saa tano usiku baada ya kazi. Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi Julai 2005, imebeba zaidi shahada ya kwanza. Kijana mwenye miaka 25, ambaye akili yake iko motoni na hana mtoto wa kulipia ada, ndiye tungemtaka aingie maabara, na ndiye hana wa kumlipia. Jambo hili linaniuma, na sioni kwa nini tulilikubali kama hali ya hewa.

Mgeni naye amebadilika. Wengi wa wanaofika Karagwe siku hizi wamesajiliwa kwao. Wanakuja na kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, wanakaa kiangazi kimoja, wanaondoka na takwimu. Ada yao hailipwi kwetu, msimamizi wao hafundishi kwetu, na wanafunzi wetu hawabishani nao kwenye semina.

Chunga 3.8 kuanzia wiki ya kwanza

Hatua hii ni fupi na haina mjadala. Kwenye vyuo vyetu, anayetaka kuajiriwa kama mkufunzi msaidizi anadaiwa GPA isiyopungua 3.8 katika shahada ya kwanza, na anayetaka kuwa mhadhiri msaidizi anadaiwa pia 4.0 katika uzamili. Vijana wengi hulijua sharti hilo mwaka wa tatu, wakiwa na 3.4 na machozi. Wewe umelijua sasa hivi, ukiwa bado Rugu. Bumu la mkopo likiingia, nunua kwanza daftari, kisha simu. Na usichukue kozi kwa sababu mwalimu wake hatoi mazoezi; huyo ndiye atakayekuja kuandika barua yako ya udhamini na hatakuwa na la kuandika.

Chagua swali kabla ya kuchagua nchi

Wengi huanza na nchi. Wanataka Kanada, halafu wanatafuta nini cha kusoma Kanada. Wewe anza uani kwenu.

Kuna butura. Mkulima anauza kahawa ikiwa bado maua kwa sababu mtoto amerudishwa nyumbani kudai ada, na anapokea sehemu ndogo ya bei ambayo angeipata akisubiri mavuno. Kila mtu Karagwe anajua butura ni mbaya, na kila msimu butura ipo. Nani anauza, kwa kiasi gani, kwa shida ipi hasa, na ni mkopo wa aina gani ungemfanya asubiri hadi mavuno? Hiyo ni tasnifu nzima ya uchumi, na mwenye kuijua lugha ya aibu inayoizunguka ni wewe.

Kuna mnyauko wa migomba, uliotuingilia katikati ya miaka ya 2000: ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukikata unakuta utomvu wa njano, na shamba la babu linakwisha. Dawa yake ni kazi ya mikono: kukata lile ua la chini ya mkungu kwa kijiti chenye panda, kuchoma kisu moto kabla ya kuhamia mgomba mwingine, kung'oa mgonjwa mapema. Wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Maruku wameyasema haya kwa miaka. Kwa nini kaya moja inafanya na ya jirani haifanyi? Swali hilo halijibiwi maabara peke yake.

Kuna bati la Kyerwa, kwa anayependa miamba. Kuna hifadhi za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa, zilizopandishwa kuwa za taifa mwaka 2019, na watu wanaoishi ukingoni mwake na nyani wanaoingia mashambani. Kuna virusi vya Marburg, vilivyotangazwa Bukoba Machi 2023 na Biharamulo Januari 2025. Kila ugonjwa wa aina hiyo ukitokea, ndege huleta wataalamu. Nataka siku moja mtaalamu wa kwanza kufika awe ametoka Kihanga kwa pikipiki.

Na kuna lugha yenyewe. Mgeni akitaka kuuliza jambo la ndani kwa Kinyambo hulipa mkalimani, na mkalimani huyo, akiona aibu, hufupisha jibu. Wewe utasikia jibu zima pamoja na kicheko kilichotangulia. Hilo liandike kwenye andiko lako la utafiti bila haya. Ni sifa ya kitaaluma, kama kujua hesabu.

Mwandikie msimamizi kama mtu aliyemsoma

Usitume barua pepe moja kwa maprofesa arobaini wakiwa wanaonana majina. Wanaonana, na wanajibishana kwa kutokujibu. Chagua watu sita. Soma makala mbili tatu za kila mmoja hadi uweze kusema pale ambapo hukukubaliana. Andika aya nne: wewe ni nani, swali lako ni lipi, kazi yake inaingiaje, na unaomba nini kwake. Wasifu kurasa mbili, bila picha ya mahafali.

Kama mtu huyo ameandika kuhusu Kagera, mwambie waziwazi: natoka katika wilaya uliyoiandika, na katika jedwali lako la tatu kuna jambo ambalo nyumbani tunalieleza kwa namna nyingine. Ni sentensi ya kweli, ina adabu, na profesa mwenye akili hawezi kuipita. Asiyeipenda hakufai kwa miaka minne.

Asipojibu, mkumbushe baada ya wiki mbili. Akinyamaza tena, mwache na umwandikie wa saba. Hakuna tusi hapo.

Pesa, na milango inayofunguka na kufungwa

Hapa kaa na kalamu.

Sweden iliweka ada kwa wanafunzi wa nje ya Ulaya mwaka 2011, na Norway mwaka 2023, na habari hizo ziliwakatisha tamaa vijana wengi waliosikia nusu. Ada hizo ni za shahada ya kwanza na uzamili. Mwanafunzi wa uzamivu nchi hizo halipi ada, na kwa kawaida ni mwajiriwa wa chuo, ana mshahara na likizo. Nafasi hutangazwa kama kazi. Basi zitafute kwenye matangazo ya kazi ya chuo; wanaozitafuta kwenye kurasa za ufadhili huzikosa kila mwaka. Ujerumani nako vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo kwa wanaofanya uzamivu.

Uingereza ilikataza, kuanzia Januari 2024, wanafunzi wengi wa kigeni kuja na wenza na watoto wao. Waliosajiliwa kwa shahada za utafiti hawakuguswa na katazo hilo. Kwa mama wa Rugu mwenye mtoto mdogo, tofauti hiyo ya mstari mmoja ndiyo inayoamua kama anasoma au hasomi, kwa hiyo hakikisha barua yako ya udahili inasema utafiti. Mfuko wa utafiti wa serikali ya Uingereza, UKRI, tangu mwaka wa masomo 2021/22 unaruhusu wageni kupata ufadhili wake kamili, hadi asilimia 30 ya nafasi kwa kila kundi. Ni ushindani mkali, lakini kabla ya hapo mlango huo karibu haukuwepo. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola, ulioanza 1959, bado upo, na una aina inayokuruhusu kusajiliwa nyumbani na kwenda Uingereza kwa muda tu.

Marekani inabadilika kwa ghafla. Mei 2025 balozi zake duniani kote zilisimamisha kwa wiki kadhaa kupanga miadi mipya ya viza za wanafunzi, na watu waliokuwa na barua za udahili mkononi walikaa wakitazama simu. Usiweke mayai yako yote pale. Uliza hali ilivyo mwezi unaoomba, kwa ubalozi wenyewe, na mwenye kukuuzia uhakika kwa malipo mpe mgongo.

Kisha geuka ukatazame karibu, maana huku ndiko watu wanakosahau kuangalia. Ukivuka mpaka wa Uganda pale Murongo unaweza kuwa Mbarara, kwenye Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kilichoanzishwa 1989, kabla basi la Dar es Salaam halijafika Kahama. Makerere ipo mbele kidogo. Mei 2017 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walitangaza jumuiya yetu kuwa eneo moja la elimu ya juu. Basi ukiomba chuo cha jirani, dai kwa maandishi ujue mwanafunzi wa Afrika Mashariki analipa ada ya nani, ya mwenyeji au ya mgeni. Ukiulizia mara nyingi utawasaidia na watakaokuja baada yako. Nairobi kuna ufadhili wa uzamivu unaoendeshwa na icipe uitwao RSIF, kwa sayansi na uhandisi, na vyuo vyake vya mapokezi vipo Afrika, Sokoine na Nelson Mandela vikiwemo. Kuna CARTA kwa walioajiriwa vyuoni na kwenye taasisi za utafiti wa afya. Kwa mchumi kuna AERC, ambayo programu yake ya pamoja ya uzamivu ina makao mojawapo Dar es Salaam. Kwa mwanamke wa sayansi kuna OWSD, yenye ofisi Trieste, Italia, ambayo imekuwa ikiwalipia wanawake wa nchi kama yetu kusoma uzamivu katika nchi nyingine inayoendelea.

Andika tarehe za mwisho za hizi zote kwenye karatasi moja, uibandike juu ya kitanda. Wengi tunaowapoteza wana akili tele. Tunawapoteza kwa cheti cha kuzaliwa kilichochelewa, barua ya udhamini iliyotumwa siku moja baada ya dirisha kufungwa, na mtandao uliokatika Omurushaka saa tano na nusu usiku. Tuma siku kumi kabla.

Waandae ndugu

Shangazi atauliza: unasoma mpaka lini? Ana haki ya kuuliza, kwa sababu alitoa mkungu wa ndizi siku ulipokwenda kidato cha tano. Mpe jibu lenye mwaka ndani yake. "Shangazi, ninamaliza Novemba 2029, na kila Desemba nakuja kukueleza nilipofika." Mwenye tarehe huheshimiwa. Anayesema "bado bado" hupangiwa shughuli.

Michango ya harusi itakufuata hata Umeå. Kubali kamati moja kwa mwaka, toa mapema, na ujitoe kwenye makundi mengine ya simu kwa salamu nzuri. Misiba ni jambo jingine. Usikose msiba wa karibu kwa ajili ya sura ya pili. Sura itasubiri, na msimamizi mwenye utu ataelewa.

Kwa binti, neno la ziada. Utaambiwa kwamba ukisoma sana utakosa mume. Nimewaona waliokosa waume bila kusoma chochote, kwa hiyo sababu hiyo tuiache. La kweli zaidi ni kwamba ndoa na uzamivu huja katika miaka ileile, na mtoto akija, sheria za ufadhili nyingi huwa kimya. Uliza kabla ya kutia saini: likizo ya uzazi ipo, miezi mingapi, na posho inaendelea au inasimama? Mwanamume anayekuchumbia muulize naye maswali hayo hayo, mbele ya wazee. Jibu lake litakuambia mengi kuliko barua zake.

Barua kumi na mhuri

Sasa umesajiliwa, una pesa, unarudi Karagwe kukusanya takwimu. Usidhani utaingia kijijini kwa sababu ni kwenu. Chuo kitakupa barua ya utambulisho, ataipokea katibu tawala wa mkoa pale Bukoba, ataandika kwa katibu tawala wa wilaya Kayanga, itapita kwa mkurugenzi wa halmashauri, itamfikia mtendaji wa kata, kisha mtendaji wa kijiji, kisha mwenyekiti wa kitongoji ambaye ni baba yako mdogo na ambaye atataka nakala yake yenye mhuri kama wengine. Mpe. Toa nakala za kutosha ukiwa Bukoba. Ukichukua damu au kuuliza habari za ugonjwa, lazima uwe na kibali cha maadili kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa, na kibali hicho kinachukua muda. Kiombe wakati bado unaandika sura ya kwanza. Usifike ofisini siku ya gulio. Hakuna mtu.

Ugumu wenyewe unaanza ukishakaa kwenye benchi, na ni ugumu ambao mgeni haujui. Mzee atakutazama na kusema, "Lakini mwanangu, wewe si unajua?" Anaona unamchezea kwa kumuuliza ekari za shamba ulilokuwa unapita kila siku ukienda shule. Mwingine atakuficha deni la butura kwa sababu aliyenunua kahawa yake ni mjomba wako. Mama mmoja atakuambia ukweli mtupu, halafu jioni atakuja nyumbani kukuomba uufute. Ufute. Hiyo ni ahadi ya ridhaa, na jina lako litadumu Rugu muda mrefu kuliko tasnifu.

Njia ninayoipendekeza ni kubadilishana. Tafuta mtafiti mwenzako wa Kyerwa. Wewe hoji kwao, yeye ahoji kwenu, kwa dodoso moja na kwa Kinyambo kilekile. Mtapata ukaribu wa lugha bila uzito wa undugu. Usiulize idadi ya ng'ombe mbele ya jirani. Salimia kwanza, kaa, kunywa ulichopewa, na uache shikamoo ifanye kazi yake kabla ya ukurasa wa kwanza. Aliyekupa saa mbili za siku ya palizi mlipe muda wake kwa kiasi kilichopitishwa na kamati ya maadili, na kwa kila mtu kiasi kilekile, tajiri na maskini. Usimpe ahadi ya mradi. Wazee wetu wamesikia ahadi za miradi kutoka kwa watu wenye viatu vizuri kuliko vyako.

Ukishapata shahada, sajili mgeni

Mwongozo mwingi huishia kwenye joho. Huu unaendelea kidogo, kwa sababu hapa ndipo tumekuwa tukikatikia.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajenga kampasi Kagera kupitia mradi wa elimu ya juu wa HEET, ule wa dola milioni 425 za mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa 2021. Majengo yatahitaji watu wa kuyajaza. Rudi uombe kazi humo, na ukiipata, usiridhike kusimamia wanafunzi wa Bukoba na Muleba peke yao. Waandikie maprofesa wale wa ng'ambo waliotumia takwimu zetu miaka thelathini. Waambie wanafunzi wao wanaotaka kusoma butura, migomba au Marburg wasajiliwe kwenu, au wasajiliwe kwa pamoja kwenu na kwao, ada igawanywe, usimamizi ugawanywe, na makala ya kwanza iwe na majina ya pande zote mbili. India imeshaonyesha kwamba chuo kinaweza kuvuka bahari kuja kwetu: tawi la IIT Madras lilianza kufundisha Zanzibar mwaka 2023. Mwanafunzi wa Kijerumani anaweza kuvuka daraja la Kyaka akiwa na kitambulisho cha mwanafunzi wa Kagera, akakaa semina moja na mtoto wa Rugu, akakosolewa na kukosoa. Watu wataona ni jambo kubwa mno kuliomba. Liombe hivyo hivyo, na ombi likae kwenye barua rasmi.

Tasnifu yako toa nakala nne za ziada. Moja iende kwa mtendaji wa kata. Ya pili iende maktaba ya sekondari unayotoka. Ya tatu Maruku, kama inahusu shamba. Ya nne kaa nayo, uifupishe iwe kurasa sita kwa Kinyambo na Kiswahili, uombe nafasi kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria unapaswa kufanyika kila robo mwaka. Omba uwe wa pili kwenye ajenda, baada ya mapato na matumizi, wakati watu bado hawajaanza kuondoka. Soma kwa dakika ishirini. Kaa chini. Mtu wa kwanza kunyoosha mkono atauliza bei ya kahawa msimu ujao, hata kama uliandika kuhusu vitenzi; mjibu unachokijua. Wa pili atasema sura ya tatu umekosea, na ataeleza kwa nini. Toa kalamu uandike anachosema, pamoja na jina lake, akikubali.